Safari Tuliyoihesabu kwa Vidole

Devota,

Shuleni walitufundisha kuanza barua kwa kusema mimi ni mzima, hofu na mashaka ni juu yako. Leo siwezi. Wewe mashaka umeyamaliza, yote umeniachia mimi, na uzima wenyewe sinao. Nimekonda hadi gauni langu la Idi linaanguka begani. Sokoni wananiuliza kama nina kisukari, nawajibu ndiyo, kwa kuwa ni rahisi kuliko kueleza.

Ninaandika nikiwa nimekaa mlangoni kwa chumba chako. Bado hakijapata mpangaji. Ni mchana, kiangazi kimekolea, na vumbi limejaa kwenye majani ya mgomba wako hapa uani, ule uliokuwa unaufuta kwa kitambaa tukakucheka parseli nzima, wapangaji wote wa ua huu. Binti yako Riziki hayupo, ameenda kwa Papa Jumaa fundi kumsaidia kuosha gari. Kesho asubuhi tunaondoka naye. Ndiyo, ile safari. Safari yetu.

Kasirika ukitaka, kwamba ninaenda bila wewe. Afadhali ukasirike. Nimechoka kuongea na mtu asiyenijibu, maana wewe hukuwahi kuninyima jibu hata pale nilipoomba unyamaze.

Tangu mvua za mwisho, siku ile ulipokaa chini kando ya beseni lako la nyanya pale kwenye foleni ya mpakani ukasema miguu imekataa, sijajua tena kutembea barabara ile. Daktari alisema presha. Presha, Devota, wewe uliyekuwa unanicheka mimi ninayeshika kifua nikipanda kilima cha Kamembe. Tulikuzika kwenu Nkungu, juu ya shamba la kaka zako, mahali penye upepo. Padri alisema maneno mazuri. Mimi nilisoma Fatiha yangu taratibu nyuma ya migomba, na Mungu mwenyewe anajua ameiweka wapi.

Kazi sijaiacha. Natoka asubuhi na nyanya zangu, nikipata parachichi za Gitambi nachukua na parachichi, nateremka hadi daraja la mpakani, Rusizi ya Kwanza. Lakini bado natembea pembeni kabisa, nakuachia wewe nafasi yako upande wa ndani, na watu wanaingia kwenye nafasi hiyo wananigonga. Siku ya kwanza niliporudi kazini, yule mama wa pale dirishani aliyezoea kusema "mapacha bamefika" alipokea jeton yangu, ile karatasi ndogo ya kuvukia, halafu mkono wake ukabaki umenyooshwa. Alikuwa anangoja ya pili. Alipokumbuka tulitazamana tu, yeye ndani mimi nje, hadi foleni ikaanza kulalamika.

Hayo ningeyavumilia. Ninayoshindwa kuyavumilia ni ya Riziki.

Papa Riziki, baba wa mtoto, alikuja. Alivuka kutoka Bukavu, upande wa Kongo, pamoja na kaka yake mkubwa, wamevaa mashati ya pasi, wamebeba kreti ya fanta kwa sababu wanajua nyumba yangu ni ya Kiislamu. Nilitaka waje na ubaya, nipate pa kushikia. Hawakuja na ubaya. Waliketi kwenye mkeka wangu, wakakulilia kwanza, na nakwambia kweli, Papa Riziki alilia kama mtu, si kwa kuonyesha. Halafu yule kaka akasema, "Hatukuye kunyanganya muntu, Maman. Mutoto iko wetu, na wetu anarudi kwetu." Mtoto ni wa ukoo wa baba. Kaka zako wa Nkungu wakaitikia kwa vichwa. Wana watoto wao wamejazana, nani angewalaumu. Wakakubaliana pale pale, mbele ya chai yangu, kwamba Riziki amalize likizo kubwa hapa Kamembe, kisha kabla shule hazijafunguliwa avuke, aanze mwaka mpya wa masomo Bukavu kwa baba yake.

Hakuna aliyeniuliza mimi. Na wangeniuliza kama nani? Nilikwenda ofisi ya serikali kueleza, nikaulizwa kwa upole kabisa, wewe ni nani wake? Nikasema jirani. Neno lilitoka mdomoni nikaona jinsi lilivyo dogo. Nilikuwepo alipozaliwa, nilimtoa mwiba wa samaki kooni, najua halali mpaka mguu wake mmoja uwe nje ya shuka. Jirani. Sikuzaa, Devota, unajua, na mume wangu aliondoka kwa sababu hiyo. Ulipoletwa kutoka hospitali na yule mtoto ulimweka kwanza mikononi mwangu kabla ya kufungua mlango wako. Ulisema umechoka, nikushikie. Nimeendelea kumshika hadi leo, na sasa wanataka niachie.

Basi sikiliza nililoamua. Nakwambia wewe tu. Nilipanga kumwiba.

Usishtuke. Au shtuka, ungekuwa hai ungenitupia kandambili. Nilikaa nikafikiri, safari ipo. Safari tumeizungumza miaka yote, parseli nzima inaijua, hakuna atakayeshangaa nikimchukua mtoto kwenda kumwonyesha vitu vilivyokuwa ndoto ya mama yake. Barabara inakwenda hadi Kigali. Kigali kuna Nyamirambo, na Nyamirambo kuna dada yangu Zaina mwenye chumba cha uani kisicho na mtu. Shule ziko. Nyanya zinauzwa popote. Tungekwenda, tusingerudi. Papa Riziki angefika darajani siku ya ahadi, akasimama, akangoja, jua likapanda kichwani. Nimemwona akingoja, mara nyingi, na kila mara najilazimisha nisimwonee huruma.

Nilianza kupanga kama mtu mwenye homa. Papa Jumaa anakwenda Kigali kutafuta vipuri, nikamwendea nikamwambia tubebe, na usimame kila ninapokwambia simama. Alinitazama juu hadi chini. "Maman Mwajuma, mie naenda tafuta mapiyesi, hapana kutembeza batouristi." Nikamwambia Devota ndiye anayeomba. Akafuta mikono kwa kitambaa chake cheusi kile, akasema sawa. Unaona ninavyotumia jina lako. Nalipeleka kila mahali kufungulia milango, na sijui kama ni halali.

Riziki alipojua kwamba safari ipo alikimbia akaja kusimama mbele yangu, akainua mikono yote miwili, vidole vimetanuka. Ulikuwa wewe mwenyewe, na beseni lako, kwenye kona ile ya kuteremkia mpakani.

Unakumbuka ilivyoanza? Ilianza Bugarama, tulipokwenda kutafuta mchele, tukapotea njia kwa uvivu wako wa kuuliza, tukajikuta kwenye maji ya moto. Tulikaa na mabeseni vichwani, miguu ndani ya maji. Kisha ukasema, "Weye, siye tunavuka kwenda inchi ya bengine kila siku, na inchi yetu hatuijue." Ilikuwa kweli. Tumeingia nchi ya kigeni mara nyingi kuliko mabalozi, na msitu wa Nyungwe ulio hapo juu tu hatujauona hata mti wake mmoja. Watalii wanapita Kamembe na magari marefu wamefunga vioo, wanakwenda kuona vya kwetu, sisi tunawauzia maparachichi.

Tangu siku ile ukawa unawauliza watu. Hukumwacha mtu. Madereva wa malori waliopanga mstari kuingia Kongo, abiria walioshuka na mabegi, masista, wanafunzi, hata yule mfanyabiashara mwenye kilemba ambaye hakutaka kuongea na mtu. Umeona nini njiani? Kitu cha ajabu, si nyumba, si shule. Walicheka, lakini walisema. Na kwa kuwa mikono yetu ilikuwa juu imeshika mizigo, hakuna wa kuandika, ukapanga kila kitu kwenye vidole. Vya kushoto mwa barabara, mkono wa kushoto. Vya kulia, mkono wa kulia. Tulikuwa tunavihesabu tukiteremka, wewe unaanza mimi namaliza, na Riziki nyuma yetu siku za likizo, na kibeseni chake cha ndimu, anahesabu vya kwake kwa sauti kubwa kutushinda.

Nitavihesabu tena, unisahihishe. Mkono wa kushoto, kidole cha mwisho, ni jiwe lililolala kama ng'ombe pale chai inapoanza, ambalo madereva wanalipigia honi ili liondoke. Kinachofuata ni ukuta wa yule mjane aliyeujenga kwa chupa tupu, kijani na kahawia, na jua likipiga nyumba yote inawaka rangi. Cha kati ni nyani wanaokaa juu ya vyuma vya kando ya barabara ndani ya msitu, wamekunja mikono, wanakagua magari kama forodha. Cha shahada, tembo. Mkono wa kulia una vichache, maporomoko membamba yanayoshuka karibu na lami hadi mtu akitoa mkono dirishani analowa, halafu lile lori la zamani lililoanguka bondeni na mti ukaota ukapita katikati ya kabini ya dereva. Halafu vidole gumba viwili vinakutana. Hapo ndipo maji yanapogawanyika, juu kabisa ya msitu. Mvua ikianguka upande mmoja inakuja kwetu Rusizi na kuishia Kongo, ikianguka upande wa pili inakwenda hadi Misri. Ulisema tutasimama pale na chupa ya maji, tuimwage katikati ya barabara, nusu ivuke Kongo na nusu iende Misri, zote bila jeton.

Lakini uliyempenda ni tembo. Dereva mmoja mnene alitueleza, anakula ndizi ya kuchoma, hata hakugeuka kututazama. "Kule ukitoka musituni kuko muzee mumoja alifanyaka kazi ya simenti huku Bugarama. Alirudia kwabo, akafanya tembo ya simenti. Inapita nyumba yake." Kubwa kuliko nyumba yake. Ana pembe moja tu, alisema, kwa sababu saruji iliisha. Ulicheka hadi nyanya zikadondoka. Ulitaka kujua mzee yule mkewe alisema nini. Kila dereva aliyefuata ulimwuliza habari za mke wa mzee wa tembo, na hakuna aliyejua, na hilo ndilo lilikutia hamu ya safari kuliko msitu wote.

Na ugomvi wetu? Mimi nilikuwa nanung'unika kwamba vizuri vyote umeviweka mkono wa kushoto, mkono ambao mimi siutumii kula wala kupokea. Ukaniambia, "Barabara haijue mukono ya kula." Mpaka leo sijapata la kukujibu. Yaani nilikuwa sijapata, hadi juzi.

Kabla ya juzi nikwambie kilichomo kwenye begi. Begi la Riziki nililipanga mimi mwenyewe, akiwa shule ya dini ya kwenu, ile ya Jumamosi. Chini kabisa niliweka sare yake ya shule. Juu yake sweta, juu ya sweta cheti chake cha kuzaliwa ndani ya mfuko wa khaki, halafu ndiyo nguo za kutembelea, na kitenge chako cha samaki anacholalia. Mtu hachukui sare ya shule kwenda kutazama nyani. Nilifunga zipu nikaketi juu ya begi nikalia kwa hasira. Hasira juu yako, ndiyo. Uliondoka kama mtu anayekwenda kuchota maji. Hukuniambia nifanye nini. Ulikuwa na maneno juu ya kila kitu, jinsi ninavyokatakata vitunguu, jinsi ninavyofunga mtandio, na juu ya hili moja, kubwa kuliko yote, hukuniachia hata neno.

Na sijui hata yeye Riziki anataka nini. Mbele ya baba yake alisema ndiyo. Siku nyingine aliniambia kule Bukavu wasichana wanaruhusiwa kusuka nywele na kwenda nazo shuleni, hawanyolewi kama hapa, na macho yake yalikuwa yanang'aa, na mimi nilitaka kumpiga na kumkumbatia vyote kwa pamoja. Kisha akashika kichwa chake kile cha kunyolewa akaniuliza, "Tantine, nani atanisuka?" Nikasema mke wa baba yako atakusuka. Nasikia ni mwanamke mzuri. Nilitamani awe mbaya, Devota. Nimefika huko, naomba watu wawe wabaya.

Juzi basi. Tulikuwa tumemaliza kula, tunakaa hapa hapa mlangoni kwako, tunagawana viti vya gari. Nikamwambia atakaa nyuma, dirisha la kushoto, kwa kuwa huko ndiko kuna vidole vinne, tembo akiwemo. Akachomoza mdomo, unajua anavyofikiri kitu hadi mwisho kabla ya kukitoa. Akainuka, akaenda hadi kwenye geti la parseli. Akaanza kutembea kuja huku, taratibu, mkono wa kushoto ameunyoosha, unagusa ukuta wa jikoni. Alipofika kwangu akageuka, akatembea tena kuelekea getini, mkono wa kushoto bado ameunyoosha. Sasa ulikuwa unagusa mgomba wako.

"Tantine," akasema, "bale bantu bote balikuwa banakuya. Siye tunaenda."

Sikuelewa. Akarudia tena kutembea, kuja na kwenda, kwa subira, kama ninavyomfundisha mimi kupanga nyanya mbovu chini nzima juu. Na nikaelewa. Devota, watu wote tuliowauliza, miaka yote ile, walikuwa wanafika. Walikuwa wanatoka Kigali wanaingia mpakani kwetu. Ng'ombe wa jiwe aliyekuwa kushoto kwao, kwetu tunaoondoka yuko kulia. Tembo yuko kulia. Nyani wako kulia. Hatukuwahi kumwuliza mtu anayeondoka, kwa sababu anayeondoka alikuwa bado hajaona kitu. Wanawake wawili wazima, mabingwa wa kwenda na kurudi, tusiopotezwa na uchochoro wowote wa Bukavu, tumehesabu safari nzima kinyumenyume. Tungekwenda na shingo zimegeukia upande usio na tembo hadi Kigali.

Nilicheka. Tangu ulipoondoka sijacheka hivyo, nilishika mbavu, Riziki naye akacheka kwa kuniona. Na nikakumbuka ugomvi wetu. Vizuri vyote viko kulia, Devota. Mkono wa kulia, mkono wa kula. Umeshindwa, na hupo nikutambie. Hapo kicheko kikageuka, sikuweza kukizuia, nikawa nalia mbele ya mtoto, kwa sauti, majirani wanasikia.

Riziki alidhani nalia kwa sababu hesabu yako imeharibika. Akakaa karibu yangu, akachukua mkono wangu wa kushoto, akaanza kunikunja vidole kimoja kimoja. Akasema, "Haina neno, Tantine. Kwenda tutabiona kuume. Kurudia, mukono ya Maman itakuwa sawa. Tutabiona muzuri tukirudia."

Tukirudi.

Nilikaa pale na mkono wangu ndani ya mkono wake. Kwangu hakukuwa na kurudi. Nilikuwa nimepanga barabara yenye upande mmoja tu, wa kwenda, na mtoto wako alikuwa amekwisha kuipanga pande zote mbili. Kwenda ili aone, kurudi ili mama yake awe sahihi. Alikuwa anataka kupita kwa tembo yule akitoka Kigali, na mkono wa kushoto dirishani, jinsi ulivyomfundisha, na nilikuwa namnyang'anya hilo. Wanasema wale wenzetu hawakuja kunyang'anya mtu. Ni mimi niliyekuwa nanyang'anya.

Nilisema ndiyo, tukirudi. Nimeona tangu juzi jinsi neno hilo lilivyo zito kulibeba. Jana nilitaka kulivunja, nilisimama mbele ya begi muda mrefu nikajiambia yeye ni mtoto, atasahau, Nyamirambo kuna taa nyingi. Leo asubuhi pia. Hata sasa, nikiandika hapa, sehemu yangu moja inapiga hesabu ya jinsi ya kumwambia Papa Jumaa arudi peke yake. Usidhani nimekuwa mtu mwema. Mimi nimebanwa tu.

Lakini nimelifungua begi. Kabla ya kuanza barua hii nimetoa sare, nimeikung'uta, nimeitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wangu. Cheti nimekirudisha kwenye sanduku. Nimebakiza nguo za kutembelea na kitenge chako. Begi limebaki jepesi hata linatia aibu.

Sasa nikuage, kwa sababu nawasikia, Papa Jumaa anapiga honi huko chini na huyo binti yako anacheka, bila shaka amelowa mwili mzima.

Tutakwenda na tutarudi. Kwenda nitakaa nyuma kushoto, kwenye upande wa vichache, nimwachie yeye kulia. Juu ya msitu tutamwaga maji kama ulivyotaka. Kwa yule mzee wa tembo nitashuka mimi mwenyewe, nitamtafuta mkewe, nimwulize alisema nini, hata kama itabidi Papa Jumaa aniache. Na kurudi, Riziki atakaa kushoto.

Halafu siku ile ikifika nitambebea begi lake hadi darajani. Nitamkabidhi kwa baba yake kwa mkono wa kulia. Sijui miguu itanifikisha vipi, na ikikataa kama ya kwako, nitakaa chini hapo hapo nipumzike, kisha nisimame. Maana kesho yake, Devota, mimi nina nyanya za kuuza. Nitatoa jeton yangu dirishani, nitavuka na beseni langu, nitapita kwenye shule yake kabla sijapita sokoni, na kesho kutwa vilevile, na Jumapili nitavuka bila beseni, na kitana na uzi mfukoni. Anayeondoka kwenda Bukavu si wa kupotea kwangu. Nimevuka lile daraja maisha yangu yote kwa ajili ya nyanya.

Nitamsuka mimi. Nakuahidi. Wewe lala huko juu kwenye upepo wako, na ukisikia honi kesho kwenye chai, usidhani ni ya ng'ombe wa jiwe. Ni sisi, tuko upande wa kulia.

Jirani yako,
Mwajuma